Kutoka uchoraji dhahania hadi nakshi za kanga: jibu kwa mchoraji wa Kirumba

Msomaji wetu mmoja, mchoraji anayeishi Kirumba jijini Mwanza, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hivi. Kwa miaka mingi amekuwa akichora kazi dhahania, yaani maturubai ya rangi na maumbo yasiyoonyesha mtu, mnyama wala mahali. Tangu mwaka jana amejikuta akivutwa na nakshi za kanga na vitenge, na sasa karibu kila kazi anayoianza inazo. Wachoraji wenzake wanamwambia kwamba amerudi nyuma, ameacha sanaa ya fikra na kuingia kwenye mapambo ya kuuzia wageni. Yeye mwenyewe ana wasiwasi mwingine: kanga ni vazi la pwani, naye ni Msukuma mzaliwa wa Magu, hivyo hana hakika kama anaweza kuiita asili yake. Ameambatanisha picha za kazi tatu, akauliza ipi aipeleke kwenye maonyesho ya pamoja aliyoalikwa, na kama ni busara kuanza kuchora juu ya kanga yenyewe badala ya turubai.

Dada yangu, nianze na hoja ya wenzako, kwa kuwa ndiyo iliyokuumiza zaidi. Wanaposema umerudi nyuma, wanachukulia kwamba kuna ngazi ambayo dhahania iko juu na kitambaa kiko chini. Historia ya uchoraji dhahania wenyewe haiwaungi mkono. Mwaka 1911 mchoraji Sonia Delaunay, aliyekuwa akiishi Paris lakini mzaliwa wa Ukraine, alimshonea mwanawe mchanga blanketi la vipande vya nguo, kwa namna alivyoona wakulima wa kwao wakifanya. Vipande vile vya rangi, vilivyounganishwa bila kuonyesha kitu chochote, vilikuwa miongoni mwa hatua zake za kwanza kuelekea uchoraji dhahania ambao baadaye ulimpa jina. Anni Albers alipojiunga na shule ya Bauhaus nchini Ujerumani mwaka 1922, aliishia katika karakana ya ufumaji, mahali walipopelekwa wanawake wengi, na kutoka kwenye kitanda cha mfumi akajenga lugha ya maumbo iliyomfikisha kwenye maonyesho yake binafsi katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1949. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikulia katika mji wa wafumaji kaskazini mwa Ufaransa, akakusanya vitambaa maisha yake yote, vikiwamo vitambaa vya ukili vya Wakuba wa Kongo alivyovitundika ukutani mwa chumba chake cha kazi. Kitambaa kilikuwapo tangu mwanzo, na dhahania ilijifunza mengi kwake. Mchoraji anayetoka kwenye dhahania na kukisogelea kitambaa anafuata njia ambayo wengine waliipita wakitokea upande wa pili.

Hata hivyo sitaki kukupa faraja ya bure, maana ndani ya lawama ya wenzako kuna chembe ya hatari iliyo ya kweli. Mtu anaweza kuchukua ua la kitenge, akalibandika kwenye turubai, akaiita kazi hiyo ya kiasili, ilhali hakuna alichokifanya zaidi ya kuhamisha ua. Tofauti kati ya kazi hiyo na ile yenye uzito haiko katika aina ya nakshi. Iko katika kile ulichokichukua: je, umechukua picha iliyo juu ya kitambaa, au umechukua kanuni inayokiendesha kitambaa chenyewe?

Ili nieleweke, chukua kanga moja ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi hupewa, uitandaze sakafuni mchana penye mwanga wa kutosha, kisha uikaribie kwa macho kama mtu anayekagua mshono. Utaona kwanza kwamba pindo halikuwekwa ili kupamba ukingo tu. Pindo linauzunguka mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, pande zote nne, lina uzito wake wa rangi, na ndilo linaloamua mji utapumua kiasi gani. Kisha angalia kona. Pindo la upande mrefu na pindo la upande mfupi yanapokutana, mbunifu alilazimika kuamua: akate ruwaza ghafla, aigeuze, au aweke umbo la pekee la kona. Kanga nyingi za bei ya chini hukata tu. Zilizobuniwa kwa uangalifu zina kona iliyofikiriwa. Baada ya hapo sogea karibu zaidi, mpaka uone nyuzi. Kila rangi ya kanga huchapwa peke yake, na rangi ya pili ikisogea kidogo tu kutoka mahali pake, upande mmoja wa umbo huachwa mstari mweupe mwembamba kama unywele, na upande wa pili rangi mbili hupandana na kuzaa rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeipanga. Mnunuzi wa soko la Makoroboi hapa Mwanza akiuona msogeo huo anairudisha kanga dukani na kuomba nyingine. Kwa mchoraji, mahali hapo ndipo kitambaa kinapofunua jinsi kilivyotengenezwa, na napenda upatazame kwa muda mrefu kuliko unavyotazama maua na korosho, yaani lile umbo la nakshi linalofanana na tunda hilo.

Sasa nizitazame kazi zako tatu kwa kipimo hicho. Ya kwanza ni ile ya buluu na kijivu, ambayo kwa kuangalia tabaka zake naamini ni kazi yako ya zamani uliyoirudia, ukaweka umbo kubwa la korosho katikati. Rangi ya chini ni nzuri mno. Ina kina cha ziwa wakati wa asubuhi kabla upepo haujaanza. Lakini korosho imekaa juu yake kama mgeni aliyefika bila taarifa. Hakuna kitu kwenye usuli kinachoijua, wala yenyewe haibadilishi chochote pale ilipotua. Ukiifunika kwa kiganja, kazi haipungui. Hicho ni kipimo kikali, lakini nakusihi ukitumie kwenye kila kazi yako ya mkondo huu.

Ya pili ni yule mama aliyeupa mgongo mtazamaji, amejifunga doti ya njano na kijani akielekea mwaloni, kule ufukweni mitumbwi ya samaki inakotia nanga. Mkono wako unaonekana umekomaa: mikunjo ya kanga pale kiunoni imechorwa na mtu anayejua kitambaa cha pamba kinavyokaa kikishafuliwa mara nyingi. Watu wataipenda, na utaiuza. Lakini humo kanga imekuwa vazi la mhusika, na ruwaza inatii mwili ulio ndani yake. Sioni kosa katika hilo. Naona tu kwamba kazi hiyo haitokani na miaka yako ya dhahania, ingeweza kuchorwa na mchoraji hodari mwingine yeyote, na barua yako inaonyesha wazi kwamba unatafuta kitu ambacho ni chako.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako siku nzima. Haina ua wala korosho. Ina pindo pana la wekundu uliokolea kwenye pande zote nne, na katikati umeacha mji karibu mtupu, ukiwa na alama fupi za brashi zinazojirudia kwa safu, kila safu ikisogea kidogo kuliko iliyo juu yake, hadi kufika kona ya chini kulia ambapo pindo limekatika na alama zinatoka nje. Mtu aliyevaa kanga maisha yake yote ataijua mara moja bila kuambiwa, na mtu asiyeijua kanga ataiona kama kazi dhahania iliyopangwa kwa nidhamu. Hapo hukuichora kanga. Ulichora kwa kufuata sheria za kanga, kisha ukaivunja moja, na kuvunjika huko kunaonekana kwa sababu sheria nyingine zote umezitunza. Uzoefu wako wa zamani wa kupima nafasi tupu na mdundo wa rangi haukupotea; umepata mahali pa kufanyia kazi.

Katika njia hii huko peke yako, na ni vizuri uwafahamu waliotangulia. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga, na mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Amechora kazi nyingi katika umbo la kanga, zenye pindo, mji na maneno, na mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Turner, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa nchini humo. Ninachokiheshimu kwake ni kwamba anaichukua kanga kama namna ya kusema, kitu ambacho mtu hukivaa ili mwingine akisome, na anaijenga picha juu ya msingi huo. Wa pili ni Atta Kwami wa Ghana, aliyefariki mwaka 2021, ambaye maturubai yake ya mistari na vipande vya rangi yanatokana na kente, kitambaa kinachofumwa kwa vipande vyembamba kisha kushonwa pamoja, na pia vibanda vya biashara vilivyopakwa rangi mitaani Kumasi. Hutaona kente iliyonakiliwa popote katika kazi zake, lakini ukikaa nazo unauona ule uunganishaji wa kipande kwa kipande. Abdoulaye Konaté wa Mali alisomea uchoraji kisha akaacha rangi na kuanza kushona vitambaa vyenyewe kuwa kazi kubwa za ukutani. Huyu simpendekezi kwako kwa sasa, kwa kuwa kipaji chako bado kiko kwenye brashi.

Naja kwenye swali la asili. Unaniambia kanga ni ya pwani. Ni kweli kwamba ilizaliwa pwani, Zanzibar na Mombasa, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, lakini hata huko haikutokana na mkono mmoja. Wabunifu na wafanyabiashara wake wakubwa walikuwamo watu wenye asili ya India, na kwa muda mrefu ilichapwa ng'ambo, India, Ulaya na Japani, kabla viwanda vya Afrika Mashariki havijaanza kuichapa. Umbo la korosho lenyewe lilifika likitokea Bara Hindi. Kitenge nacho chanzo chake ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi kwa kutumia mashine, na ile mistari midogo ya mpasuko unayoiona kwenye rangi yake ni alama ya gundi iliyopasuka wakati wa kutia rangi. Ikiwa mwenye haki ni yule tu ambaye kitambaa kilianza kwake, basi hakuna Mswahili wala Msukuma anayebaki na haki.

Nikuulize upande mwingine: pamba ni ya nani? Sehemu kubwa sana ya pamba ya Tanzania hulimwa katika kanda hii ya kwetu, Simiyu, Shinyanga, Mwanza na jirani zake. Mbegu zake zimefanyiwa utafiti katika kituo cha Ukiriguru kwa miongo mingi. Na viwanda vya nguo vya Mwatex hapa Mwanza na Mutex kule Musoma vilijengwa ili pamba hiyo igeuke nguo karibu na shamba. Yawezekana bibi yako wa Magu alipalilia pamba iliyoondoka kama robota na kurudi sokoni kama kanga. Uhusiano wa watu wa ziwa na kitambaa hiki ni wa jasho kwanza, na haki inayotokana na jasho ni haki halali. Nashangaa kwamba katika kazi zako zote tatu hakuna pamba yenyewe, yaani rangi ile ya merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambayo si nyeupe wala si kahawia. Ingefaa sana kama rangi ya mji wako.

Wala huna haja ya kufungwa na kanga peke yake. Nenda Bujora, pale Kisesa, njiani kwenda kwenu Magu, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na padre David Clement kutoka Kanada. Angalia mavazi na ngoma za Bagika na Bagalu, zile jamii mbili za wachezaji zinazoshindana, na jinsi kila upande ulivyojitambulisha kwa vitu unavyovaa na kuvishika. Wasukuma pia walikuwa na michoro ya ukutani: wayeye, wale wacheza nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao, na Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila wa serikali ya Tanganyika, alichapisha maelezo na nakala za michoro hiyo mwaka 1953. Mdundo wa miili ya nyoka katika kuta zile uko karibu na kazi yako ya tatu kuliko ua lolote la kitenge. Ukivuka ziwa kwenda Bukoba, Wahaya walivaa nguo ya gome la mti, iliyogongwa kwa nyundo ya mbao yenye mifereji, na kwa majirani zao Waganda kazi hiyo ingali hai na imo katika orodha ya urithi wa UNESCO. Nguo ya gome haikuchapwa nakshi kama kanga. Ruwaza yake ni alama ya kifaa kilichoitengeneza. Kwa mchoraji wa dhahania, sijui somo lililo bora kuliko hilo.

Kuhusu kuchora juu ya kanga yenyewe, inawezekana, lakini kuna mambo ya kiufundi ambayo ukiyapuuza kazi itaharibika mikononi mwa mnunuzi. Hakikisha kwanza ni pamba tupu. Chomoa nyuzi chache ukingoni uziunguze: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, na kitambaa chenye poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu. Hicho cha pili kiache, kwa kuwa akriliki haikishiki vizuri. Kisha ifue kanga kwa maji ya moto hadi wanga wa kiwandani utoke wote na kitambaa kimalize kunywea, uikaushe kivulini, ndipo uiwambe kwenye fremu. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye nyuzi, maana mafuta huzila polepole hadi kitambaa kikatike kama karatasi kavu. Paka kwanza tabaka mbili nyembamba za akriliki isiyo na rangi, mbele na nyuma. Kumbuka pia kwamba rangi za kiwandani za kanga nyingi hupauka zikikaa kwenye jua, hivyo baada ya miaka michache sehemu uliyochora itabaki iking'aa na sehemu ya kitambaa itakuwa imefifia. Ama ukubali badiliko hilo kama sehemu ya kazi, ama usiitundike penye jua. Na kwa unyevu wa huku ziwani, acha nafasi ya hewa kati ya ukuta na mgongo wa kazi, la sivyo ukungu utaanzia nyuma usikouona.

Kama ungeniuliza nichague, ningekushauri ubaki kwenye merikani kwa sasa. Kanga halisi huja na mpangilio uliokwisha kuamuliwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa mbunifu mwenye kazi yake, si jina lisilojulikana tu la asili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, zikiwamo zile za kutumika zinazozalishwa viwandani, kwa hiyo kunakili mchoro mzima wa kanga mpya ya dukani na kuuza picha zake si jambo la kufanya bila ruhusa. Maumbo ya zamani kama kisutu yamekuwa ya wote, nayo hayana tatizo.

Jambo la jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye kanga, uliligusa kwa mstari mmoja, lakini nadhani ni zito kuliko ulivyolichukulia. Kazi zako hazina maneno, na unauliza kama pindo na mji vinaweza kusimama bila jina. Vinaweza, kisutu ya jadi yenyewe hukaa bila jina. Lakini ukiamua kuliweka, liweke kama kanga inavyoliweka, kwa herufi kubwa, chini kidogo ya katikati, ndani ya mji, na usilitumie kueleza picha. Mwanamke anayechagua kanga kwa jina lake hafafanui kanga. Anampelekea mtu neno. Jiulize neno lako linamwendea nani. Ukikosa jibu, acha mahali pale pawe patupu, na utupu huo wenyewe utaonekana kwa kila anayeijua kanga, kwa sababu jicho lake litashuka pale kutafuta maandishi.

Kuhusu wageni na soko, sioni aibu ya kuuza. Uza ile ya mama wa mwaloni kwa bei inayolipa muda wako, na ukipata mnunuzi wa nyingine kama hiyo, chora nyingine. Angalia tu lisikupate lililowapata baadhi ya wachoraji waliomfuata Edward Saidi Tingatinga baada ya kifo chake mwaka 1972: namna ya kuchora iliyokuwa hai mikononi mwa mtu mmoja iligeuka, katika maduka mengi, kuwa mfano wa kunakiliwa kwa sababu mnunuzi aliutaka ule ule. Njia ya kujilinda ni kuziweka kazi za kuuza na kazi za kutafuta katika siku tofauti, na kama nafasi inaruhusu, katika kuta tofauti.

Kwenye maonyesho peleka ile ya tatu, na uitundike karibu na mojawapo ya kazi zako za zamani za dhahania ambayo hujaigusa, bila maelezo marefu pembeni. Wenzako waliosema umerudi nyuma watakuwepo, na watayaona maturubai mawili ya mkono mmoja, yenye pumzi ile ile ya nafasi na uzito ule ule wa rangi pembezoni. Ile ya buluu na korosho irudishe karakanani. Usiifute, ondoa korosho peke yake, halafu uanze kuijengea pindo kutoka kwenye buluu hiyo hiyo, ukianzia kwenye kona.